Tønder: Walishindwa Kabla ya Kura Kupigwa

Makamanda, kuna mji mdogo kule Denmark unaitwa Tønder, kilomita chache tu kutoka mpaka wa Ujerumani. Wajerumani wanauita Tondern. Kila nikimsikia mtu wetu anasema "tuingie kwenye uchaguzi kwanza, mambo ya kanuni baadaye", mji huu ndio unanijia kichwani.

Denmark ilipigwa vitani mwaka 1864, Schleswig ikaenda. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles ukaagiza wenyeji waulizwe wanataka nchi gani. (Mkataba huohuo uliinyang'anya Ujerumani Tanganyika, na babu zetu hawakuulizwa na mtu. Hilo tutalisema siku nyingine.) Eneo likagawanywa kanda mbili. Ya kaskazini ilipiga kura tarehe 10 Februari 1920, na kura zake zote zikajumlishwa pamoja. Ya pili, Machi 14, ikahesabiwa kila sehemu kivyake. Tønder waliwekwa ya kwanza. Ndani ya mji, zaidi ya robo tatu walichagua Ujerumani. Kwenye kanda nzima, kama asilimia 75 walichagua Denmark. Basi, mji ukawa wa Denmark.

Sisemi kura ziliibwa. Kanda ile kweli wengi wao walikuwa Wadenmark. Ninachosema ni kwamba kwa watu wa Tønder mchezo uliisha siku ile mstari ulipochorwa kwenye ramani na kanuni ya kujumlisha ikapitishwa. Kwenda kituoni ilikuwa kukamilisha ratiba tu.

Sasa walioshindwa walifanya nini? Tusiwapambe. Miaka ya 1930 wengi wao waliwafuata Wanazi wakidhani mpaka utarudishwa, na baada ya 1945 maelfu walifungwa. Njia ile iliwagharimu vibaya mno.

Kilichowasaidia ni kazi ya polepole: shule zao za Kijerumani, ambazo leo zinapata ruzuku ya serikali ya Denmark, gazeti lao, na chama chao, Slesvigsk Parti. Mwaka 1955 yakaja matamko ya Bonn na Copenhagen. Ukisema wewe ni Mjerumani, inatosha. Ofisa haruhusiwi kukuhoji wala kukupekua asili yako. Wadenmark walio upande wa Ujerumani wakapata hivyohivyo.

Na Novemba 2021 chama hicho kidogo kikamtoa meya wa Tønder, Jørgen Popp Petersen, mkulima. Hawakuwa na wingi wa viti. Kule meya anachaguliwa na madiwani, kwa hiyo walikaa mezani na wenzao wakaelewana. Wale wanaocheka kila tunapotaja ushirikiano wa vyama, jamani, mnaona?

Si peponi pia. Mwaka 2015 kibao cha lugha mbili kilisimikwa Haderslev, mji wa jirani, kikang'olewa ndani ya siku chache. Watu bado wana vinyongo.

Lakini narudi kwenye ule mstari wa ramani. Kikao kijacho cha tawi letu nitaomba ajenda namba moja iwe mipaka ya majimbo na kata, na namna matokeo yanavyojumlishwa. Posho za mawakala zije baada ya hapo, hata kama nitazomewa.