Tundu za Sauti za Mbele Zisiwe Pambo

Katika chumba chetu cha kompyuta kila kasha lina tundu mbili ndogo usoni mwake, moja ya hedifoni na moja ya maikrofoni. Nyingi kati ya hizo ni bubu. Ukichomeka hedifoni husikii kitu, na ukiuliza waambiwa, "Hiyo ni mbovu, tumia ya nyuma." Mimi nasema si mbovu. Nyingi ni nzima kabisa ila hazikuunganishwa, na waya wake unaning'inia ndani ya kasha ukingoja mtu wa kuuchomeka mahali pake. Naona jambo hili lisiachwe hivi, na kazi yenyewe tupewe sisi wanafunzi.

Kwanza yafaa tujue sauti hupita wapi. Ndani ya kasha (ambalo wengi wetu twaliita sipiyu, ingawa sipiyu yenyewe ni kidude kidogo kilichofichwa humo) mna ubao mkubwa uitwao madabodi. Sauti hutengenezwa juu ya ubao huo, na tundu za nyuma zimeshikamana nao toka kiwandani. Za mbele haziko hivyo. Hizo ni za kasha, na mara nyingi kasha na ubao hutoka viwanda mbalimbali. Kwa hiyo uko waya mwembamba utokao mbele ya kasha, na mwisho wake una plagi ya kuchomekwa katika pini zilizo ukingoni mwa madabodi. Fundi mwenye haraka huunganisha umeme na kitufe cha kuwashia, akiona kioo kimewaka hufunga kasha na kwenda zake.

Pini hizo za sauti ni 9, katika safu mbili. Mahali ambapo ingekuwako pini ya 8 pako wazi, na plagi nayo imezibwa hapo hapo ili mtu asiichomeke kinyume. Pini za yuesibii zafanana nazo sana, lakini pengo lao liko mwisho kabisa wa safu, mahali pa pini ya 9. Plagi ikikataa kuingia, basi si mahali pake, na mwenye kulazimisha kwa nguvu atapinda pini.

Sisi tuliotoka Kibosho, Uru, Machame na Marangu twaijua mifongo, ile mifereji ambayo wazee wetu waliichimba kuleta maji ya mitoni mashambani kabla Wazungu hawajafika huku. Kompyuta za zamani, zilizofuata mpango wa sauti ambao kampuni ya Intel iliutoa mwaka 1997, zilifanya kazi kama mfongo mmoja. Sauti ilipita kwanza mbele ya kasha, kisha ikarudi nyuma kwenye spika. Shamba la juu likikosa njia, la chini nalo hukauka. Ndiyo maana mashine kuukuu isiyounganishwa mbele huhitaji vidude viwili viitwavyo jampa, kimoja cha kushika pini ya 5 na ya 6, na kingine ya 9 na ya 10. Vikipotea, hata nyuma hapatoki sauti, na watu husema mashine imekufa. Mpango mpya wa mwaka 2004 ulizitenga njia hizo, tena tundu lenyewe hupeleka habari kwamba hedifoni imechomekwa. Ukichanganya kasha la zamani na ubao wa mpango mpya, habari hiyo haifiki. Hapana budi kuingia katika mipangilio ya bayosi na kuchagua mpango wa zamani. Makasha mengine yana waya wenye vichwa viwili, kimoja kwa kila mpango, na huchomekwa kimoja tu.

Ziko pia mashine ambazo sauti ya ubao wake ilikufa kweli, zikatiwa kadi ya sauti. Kadi ikishatiwa, waya wa mbele mara nyingi huachwa pale pale ulipokuwa, kwenye sauti iliyokufa! Yafaa uhamishwe kwenye kadi, ikiwa kadi ina pini za kuupokea. Ziko kadi zisizo nazo, na ziko zenye mpangilio wake wenyewe, kwa hiyo kitabu cha kadi kisomwe kwanza.

Mtu atauliza, kama tundu la nyuma lipo, taabu iko wapi? Makasha yetu yamesukumwa ukutani. Kila atakaye sauti hulivuta kasha, hupapasa gizani na kusukuma plagi kwa kubahatisha, na tundu za nyuma zalegea siku hata siku. Hizo zimechomelewa kwa risasi kwenye ubao, na zikivunjika gharama yake si ndogo.

Lakini taabu kubwa si hiyo. Tunaye mwenzetu wa Kidato cha Pili asiyeona. Yeye hutumia programu iitwayo NVDA, ambayo husoma kwa sauti yote yaliyo kwenye kioo. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, kisha James Teh akajiunga naye, na wote wawili hawaoni. Hutolewa bure, na husoma hata Kiswahili, ijapokuwa kwa sauti ya bati. Kwa mwenzetu huyu sauti ndiyo kioo chenyewe. Basi kwa kuwa tundu la mbele ni bubu, huwekewa spika, na kila aandikalo husikika chumba kizima: makosa yake, alama zake, hata barua aliyomwandikia mama yake. Wako wanaocheka. Akiomba hedifoni, hutafutwa mtu wa kuingia chini ya meza, na kipindi chapita. Mtihani wa Taifa utakapofika hautamngojea.

Najua walimu wengine watasema kwamba kompyuta ni mali ya Serikali na mwanafunzi asizifungue. Nawaheshimu, wala siwalaumu kwa kuogopa hasara. Nchi yetu nayo iliwahi kuogopa: mwaka 1974 Serikali ilikataza kompyuta kuingizwa nchini. Katazo hilo liliondolewa baadaye, ila naona woga umebaki kwenye bisibisi. Huko mlimani mfongo haungoji fundi kutoka mjini. Wanaotumia maji yake ndio watokao na majembe kuuzibua, na asiyetoka hupigwa faini.

Kuna wazazi ambao watauliza kwa nini tusinunue hedifoni za yuesibii, zisizohitaji tundu hizi. Zafaa, na mzazi aliye nayo ya kutoa tutaipokea kwa mikono miwili. Lakini tundu za mbele zilikwisha lipiwa siku ile kasha liliponunuliwa, na waya umo ndani.

Ninaomba tupewe Jumamosi mbili kabla ya likizo, baada ya usafi, mwalimu wa kompyuta akiwapo. Umeme uzimwe na waya uchomolewe ukutani. Kila mmoja aguse kwanza chuma cha kasha, ili umeme ulio mwilini mwake usiudhuru ubao. Mmoja ashike tochi, mmoja bisibisi, na mmoja aandike daftarini waya gani umechomekwa wapi, ili watakaokuja baada yetu wasianze upya. Brashi ya rangi iliyo safi itafaa kwa vumbi, maana vumbi la kiangazi limekwisha jijengea makao humo. Na tuanze na mashine iliyo karibu na mlango, kwani ndiyo atumiayo yule mwenzetu wa Kidato cha Pili.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne