Wageni Wema na Watoto wa Cabarete: Barua ya Wazi kwa Baraza la Taifa la Watoto na Vijana, Jamhuri ya Dominika

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Naomba idhini nikufikishie shauri la watoto wa Cabarete, mji mdogo wa ufukweni katika mkoa wa Puerto Plata, ambao mimi, mzaliwa wa Mombasa, nimeufanya makaazi yangu, na ambamo aghalabu alasiri zangu huzitumia kuwasomesha watoto wa shule ya msingi pamoja na watu wengine wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali. Nakala ya Kihispania imekwisha kupelekwa ofisini kwako. Hii ya Kiswahili naitoa hadharani kwa kuwa jambo lenyewe linawagusa pia ahali zangu wa Malindi, Watamu na Paje, ambako wageni hufuata bahari na upepo kama hapa, na wengi wao hutamani kuwatendea watoto wema kabla ya kurudi makwao.

Tangu miaka ya 1980, wanamichezo wa tanga walipotambua jinsi upepo wa Atlantiki unavyovuma hapa kila alasiri, kijiji hiki cha wavuvi kimejaa hoteli, mikahawa na shule za kuteleza juu ya maji kwa tiara. Lakini ukivuka barabara kuu ukaingia Callejón de la Loma, wakutana na mtaa wa watumishi wa hoteli, waashi na wachuuzi, Wadominika na Wahaiti wakiishi kuta kwa kuta, na watoto wao ndio wanaotafutwa na kila mgeni mwenye wiki mbili za nafasi na moyo wa ihsani.

Sina nia ya kuwavunjia heshima wageni hao, maana nimewaona wakitoa fedha zao, jasho lao na mapenzi ya dhati. Ninalolalamikia ni kwamba wema huo hauna utaratibu, na gharama yake humwangukia mtoto. Yupo msichana wa darasa la tatu ambaye kitabu chake cha kusomea, ukikishika, wakuta kurasa za mwanzo zimelainika kwa kufunuliwa mara nyingi, hata pembe zimekatika, ilhali za mwisho zingali zimeshikana kama zilivyotoka kiwandani. Kwa sababu kila mgeni ajaye, asipokuta mtu wa kumwambia mwenziwe alikomea wapi, humrudisha mtoto ukurasa wa kwanza, naye kwa adabu aliyofunzwa na mamake husoma tena yale ayajuayo kwa moyo, akasifiwa, akapigiwa makofi, na mwaka ukapita. Swali la kwanza analomuuliza mgeni baada ya jina ni, "Unaondoka lini?" Akishalipata jibu ndipo huamua amsogelee kwa kiasi gani, na hesabu hiyo, Mheshimiwa, si ya kupigwa na mtoto wa umri ule.

Wala haisemekani kwamba nchi hii haina watu wa kuwalea watoto wake. Wananchi wenyewe walisimama barabarani na miavuli ya manjano kudai asilimia 4 ya pato la taifa itumike katika elimu, mpaka bajeti ya mwaka 2013 ikatimiza sheria iliyokuwa imewekwa tangu 1997 pasipo kufuatwa. Walimu wapo, na kina mama wapo. Kwa hiyo haki na insafu ni kwamba mgeni aje chini ya mwalimu wa mtaa, ambaye ndiye atakayekuwepo mwezi ujao na mwaka ujao, amshike mkono katika kazi anayoiona mwalimu huyo kuwa ina haja, ikiwa ni kuandaa vifaa, kutengeneza madawati au kukaa na daftari la maendeleo ya kila mtoto. Na anayetaka kufundisha mwenyewe akubali kukaa muhula mzima wa shule, ama sivyo kazi hiyo amwachie mwingine.

Sheria namba 136-03 ya mwaka 2003, ambayo Baraza lako limekabidhiwa kuisimamia, inalinda heshima ya mtoto na sura yake isitangazwe kwa namna ya kumdhuru. Hata hivyo picha za watoto wa mtaa huu, wasiovaa viatu, zinazunguka dunia pasipo mzazi kuulizwa. Na kwa kuwa mji jirani wa Sosúa leo unajulikana kote kwa ukahaba wa kitalii, ni lazima kila mgeni atakaye kukaa na watoto alete kwanza cheti cha polisi cha nchi yake, na asiruhusiwe kabisa kuwa faraghani na mtoto, awe nani na awe ametoka wapi.

Kuna kazi moja ambayo naiona kubwa kuliko zote, nayo haipendezi katika picha. Watoto wengi wenye asili ya Haiti, waliozaliwa hapa hapa, hawana cheti cha kuzaliwa. Hukumu ya Mahakama ya Katiba ya Septemba 2013 iliwavua uraia maelfu ya watu ambao wazazi wao hawakuwa na hati, ikarejea nyuma hadi waliozaliwa mwaka 1929; sheria namba 169-14 ya mwaka uliofuata iliwarudishia baadhi, wengine wakabaki kati. Mtoto wa namna hii huweza kuingia darasani, kisha akakwama penye mitihani ya taifa, akiwa amekwisha kuonja elimu. Mama yake, ambaye akikosa kibarua cha siku moja hukosa chakula cha siku hiyo, hana wasaa wa kwenda ofisi ya usajili, kurudishwa kwa karatasi moja iliyopungua, na kwenda tena. Mgeni anayeishi hapa, anayejua Kihispania na mwenye subira ya kukaa foleni pamoja naye, amlipie nauli na kumshikia mtoto mchanga, huyo amemfanyia mwanafunzi jambo litakalodumu.

Kwetu Kenya, mwaka 2017, serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto, baada ya kudhihirika kwamba wema wa wageni ukikosa usimamizi huweza kuwatenga watoto na jamaa zao. Sipendi Cabarete ifike huko ndipo sheria itafutwe.

Naliomba basi Baraza litoe kanuni kwa kila jumuiya inayopokea watu wa kujitolea katika miji ya ufukweni, kanuni fupi, kwa Kihispania na Kikrioli cha Haiti, na ibandikwe mlangoni ambapo mzazi yeyote ataisoma. Walimu wa mtaa wako tayari kuitwa ofisini kwenu Puerto Plata alasiri yoyote baada ya shule, nami nitakuja pamoja nao.

Wako mtiifu,
Mzaliwa wa Mombasa, mkaazi wa Cabarete