Boyie Anamshinda Mfalme wa Wakanda

Nianze kwa kukiri, nisije nikaumbuliwa baadaye: mimi ni mpenzi wa katuni. Sisemi zile za televisheni. Nasema hadithi za picha, ambazo mchoro na maneno hutembea pamoja ukurasa hadi ukurasa. Nazisoma kwenye simu, ndani ya basi la kutoka Nyabugogo, huku jirani yangu akichungulia. Nilipopendekeza kuziandikia tasnifu ya mwaka wa mwisho, mhadhiri mmoja ninayemheshimu alitabasamu, akaniambia, "Hizo ni picha za watoto, kijana. Tafuta riwaya." Riwaya nimeitafuta na nimeipata. Hata hivyo neno lile limenikaa kooni, na leo nalitema.

Wenzangu wanaopenda katuni wanadhani dawa ya dharau hiyo ni kupata shujaa Mwafrika mwenye nguvu za ajabu. Tangu filamu ya Black Panther ilipotoka mwaka 2018, kila mjadala wa katuni tunaoufanya huishia Wakanda. Mimi nasema Wakanda haitutoshi, na tukizidi kuiabudu itatupotosha.

Tuitazame vizuri. Black Panther alizaliwa mwaka 1966 mikononi mwa Wamarekani wawili, Stan Lee na Jack Kirby, katika toleo la 52 la Fantastic Four. Tangu hapo Marvel imeihamishahamisha Wakanda kwenye ramani, lakini mara nyingi imeiweka huku kwetu Afrika Mashariki. Sasa sikiliza wanavyozungumza. Mji mkuu unaitwa Birnin Zana, na "birni" ni neno la Kihausa, la Afrika Magharibi. Kwenye filamu wanazungumza Kixhosa cha Afrika Kusini. Lupita Nyong'o ni Mkenya, Florence Kasumba ni mzaliwa wa Kampala. Dada zetu hawa nao wakapewa Kixhosa. Kiswahili hakikuchaguliwa. Sizidharau lugha za watu. Nasema tu kwamba nchi inayoweza kuhamishwa na kubadilishiwa lugha bila mwenyeji hata mmoja kulalamika haina wenyeji.

Mwaka 2016 mwandishi Ta-Nehisi Coates alijaribu kuwapa sauti. Raia waliasi, wakahoji kwa nini taifa lenye akili hivyo litawaliwe na mtu mmoja kwa sababu ya damu yake. Nilidhani sasa tutakutana na muuza mboga wa Wakanda, tujue anadaiwa na nani. Mwaka 2018 mfululizo ukaanza upya, mfalme akapelekwa anga za mbali kupambana na dola ya huko kwenye nyota. Muuza mboga bado namngoja.

Upande wa pili wa rafu kuna vitabu vya picha vinavyotuhusu sisi hasa. Mbelgiji Jean-Philippe Stassen alitoa Déogratias mwaka 2000, hadithi ya kijana aliyerukwa na akili hata akajiona mbwa. Mkongomani Pat Masioni alichora Rwanda 1994. Mwenzetu Rupert Bazambanza, aliyenusurika katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, alichora kisa cha familia aliyoijua. Vitabu hivi vina haki ya kuwapo, na cha Bazambanza ningependa kila mwanafunzi akisome. Sina neno dhidi ya kumbukumbu. Lakini jambo moja linanisumbua. Mimi niliyezaliwa baada ya 1994, nikiitafuta Kigali katika katuni za dunia naikuta inakufa. Nikiitafuta Afrika iliyo hai naletewa mfalme aliyekalia mlima wa vibraniamu. Kati ya jinamizi lile na ndoto hii, fundi simu wa Nyamirambo anaishi wapi?

Mashabiki wenzangu watajibu kwamba fundi simu hauziki. Si kweli. Spider-Man, tangu mwaka 1962, ni kijana wa Queens, New York, aliyelelewa na shangazi yake na asiye na pesa. Watu hawampendi kwa utando wake tu. Wanampenda kwa sababu amechelewa darasani na hajui kodi ya nyumba itatoka wapi. Kamala Khan, aliyepata mfululizo wake mwaka 2014, ni binti wa familia ya Kipakistani huko Jersey City, na ugomvi wake wa kwanza ni wa kutaka ruhusa ya kwenda kwenye sherehe. Nguvu za ajabu ni chumvi. Chakula chenyewe ni mtaa.

Kiswahili kilikwisha kulijua jambo hili. Edward Gitau alimchora Juha Kalulu katika Taifa Leo kwa miongo kadhaa. Christian Gregory alimleta Chakubanga katika gazeti la Uhuru. Jarida la Sani likawapa Watanzania Ndumilakuwili na Lodi Lofa, naye James Gayo akamchora Kingo. Hakuna hata mmoja wao anayeruka angani. Ni ukoo wa Abunuwasi na Sungura, waliohamia mjini wakavaa suruali.

Mrithi wao ni Boyie. Jarida la Shujaaz lilianza Nairobi mwaka 2010, likagawiwa bure ndani ya gazeti la Daily Nation na kwenye vibanda vya M-Pesa, na mwaka 2012 likapata tuzo ya kimataifa ya Emmy. Boyie amemaliza shule, kazi hana. Anajitengenezea redio ya siri nyumbani kwao, anajiita DJ B, na vijana wenzake wanamsikiliza. Nguvu zake ni sauti.

Najua lawama mbili. Ya kwanza, jarida limeandikwa kwa Sheng. Ni kweli, na kuna kurasa ambazo mimi wa Kigali nilimwomba rafiki Mkenya anifafanulie. Lakini Kiswahili tunachokichanganya na Kinyarwanda pale Biryogo nacho si cha kitabuni. Ya pili ni nzito zaidi: kuna fedha za wafadhili nyuma yake, na mara nyingine wahusika huacha kuishi wakaanza kutoa somo la kilimo au la afya. Hapo nakubali, huwa naruka ukurasa. Lakini anayechoshwa na katuni inayohubiri na aandike isiyohubiri.

Sasa kwenu wahadhiri wetu, kwa heshima. Wanafunzi wa Kiswahili tunachambua kanga. Kanga ni nini kama si picha na maneno machache juu ya kitambaa? Tunauliza nani kavaa, kamvalia nani, na jina lile linamchoma nani. Iweje picha na maneno yakiwa kiunoni yawe fasihi, na yakiwa kwenye karatasi yawe mchezo wa watoto?

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi hapa Rwanda, lakini lugha haipendwi kwa kutangazwa. Bado wapo wanaoiona ni lugha ya sokoni na ya Nyamirambo tu. Basi tuwafuate wasomaji huko huko. Wadogo zetu wanatazama filamu za Marvel kwa agasobanuye, msimuliaji akiweka Kinyarwanda juu ya sauti za Wamarekani, na kinachowachekesha zaidi ni pale anapomfanya shujaa aongee kama mtu wa mtaani kwetu. Wasimulizi wale hawana shahada, lakini wameelewa kabla yetu kwamba mtazamaji anamtafuta jirani yake.

Ninachoomba ni kidogo: tasnifu moja juu ya katuni ikubaliwe, na majarida machache ya katuni za Kiswahili yawekwe maktaba karibu na riwaya. Nanyi wenzangu, tuache kungoja Marvel itukumbuke.

Mimi sijui kuchora. Farasi wangu hufanana na mbuzi. Lakini nimeandika kurasa nane za hadithi ya fundi simu wa Nyamirambo ambaye, katika kila simu anayoifungua, hufufua picha ambazo mwenyewe alidhani zimepotea. Nguvu nyingine hana. Natafuta mchoraji.