NYUMBA YA MAREHEMU BABA: KABLA HUJAMWITA FUNDI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu katika imani, kila mwaka ukifika mwezi wa tisa na wa kumi, kabla mvua hazijaanza hapa Tabora, swali moja hunifuata baada ya swala: "Sheikh, nyumba ya marehemu baba imechoka. Tunaweza kuikarabati?" Anayeuliza huwa ameshakwenda kwa fundi na ana bei mfukoni. Mimi humwambia airudishe bei mfukoni kwanza. Swali la kwanza si "shilingi ngapi". Swali la kwanza ni "nyumba ya nani?"

Mji wetu una nyumba nyingi za namna hii. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Waarabu, Waswahili na Wanyamwezi walijenga kwa udongo, tofali mbichi na mbao za porini kwetu, na mfano wake ni tembe la Kwihara, alikokaa Livingstone mwaka 1872, ambalo leo ni makumbusho. Tusijidanganye kwamba fahari yote ya njia ile ilikuwa halali, kwa maana walipita humo watu waliofungwa minyororo pamoja na pembe za ndovu. Kisha reli ikafika Tabora mwaka 1912, biashara ikabadilika, na familia nyingi zikabaki na majina makubwa na kuta zinazohitaji fedha kila mwaka.

Sasa turudi kwenye swali. Mzazi akifariki, mali yake ina mpangilio. Kwanza gharama za mazishi, kisha madeni yake, kisha wasia usiozidi theluthi, halafu warithi. Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12, zimetaja mafungu. Tuchukue mfano. Marehemu kaacha mke, watoto wa kiume watatu na wa kike wawili, na nyumba ikithaminiwa inafika shilingi 64,000,000. Mke ana thumuni, yaani 8,000,000. Zinabaki 56,000,000, na zinagawanywa mafungu manane: kila mtoto wa kiume mawili, kila wa kike moja. Kila wa kike ana 7,000,000, na kila wa kiume ana 14,000,000. Hesabu inatimia. Kwa hiyo kaka mkubwa anaposema "nakarabati nyumba yetu", zaidi ya robo tatu ya kuta anazogusa si zake.

Hili nalisema kwa uchungu, maana nimelifanya mwenyewe. Baba yetu, Allah amrehemu, aliacha nyumba ya tofali mbichi hapa mjini. Mimi ni mkubwa. Sikuitisha kikao wala sikugawa mirathi. Niliezua bati, nikabadilisha kenchi zilizoliwa na mchwa, nikapiga lipu ya saruji nje na ndani. Fedha nyingine zilikuwa zangu, nyingine za mdogo wangu wa Dar es Salaam, nyingine akiba ya mama. Hatukuandika hata mstari mmoja. Dada yetu aliyeolewa Urambo alipokuja kuuliza fungu lake, nilimjibu: "Fungu gani? Nyumba hii nimeijenga upya mimi." Imamu mimi, ninayesomesha watu mirathi! Alikaa miaka minne bila kukanyaga pale, hata Iddi. Mama alifariki katika miaka hiyo. Dada alikuja msibani akakaa uani, karibu na lipu ile ambayo ilikuwa imeshaanza kubanduka, na ndipo nilipofahamu nilichokikarabati na nilichokibomoa. Nilimwomba radhi, tukagawa kama Allah alivyopanga. Alhamdulillah alinisamehe, lakini mama hakuliona hilo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, fuata ngazi hizi.

Moja: kaeni kikao, wanawake wakiwemo. Mteueni msimamizi wa mirathi na athibitishwe mahakamani. Lipeni madeni ya marehemu kabla ya kununua mfuko mmoja wa saruji. Kama yupo yatima miongoni mwa warithi, ogopeni zaidi, maana mali yake imewekewa onyo zito katika sura hiyohiyo.

Mbili: amueni fedha ya kila mmoja ni nini. Ni zawadi? Ni mkopo usio na riba? Au anaongeza fungu lake katika nyumba? Andikeni, na mashahidi waweke saini. Suratul Baqara, aya ya 282, imetuamrisha kuandika deni, nasi tunaona haya kumwandikia ndugu. Aliyetumia fedha bila makubaliano anaweza kuhesabiwa kwamba amejitolea tu, asiwe na la kudai. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu: mjue ugonjwa wa nyumba kabla ya dawa. Nyumba ya udongo huuawa na maji na mchwa. Maji hutoka juu kupitia paa bovu, au chini pale uwanja unapoelekea ukutani. Saruji juu ya tofali mbichi inang'aa siku ya kwanza, lakini hufungia unyevu ndani, ukuta unalainika na lipu inabanduka. Udongo uliochanganywa vizuri, au chokaa, unakubaliana zaidi na ukuta ule. Mara nyingi kinachohitajika ni paa, mfereji wa kutoa maji na kuziba nyufa, si nyumba nzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nne: hesabuni kama watu wa msafara. Wapagazi wa zamani hawakuingia Mgunda Mkali, lile pori la kutisha kati ya Ugogo na Unyanyembe, bila kupima chakula cha njia nzima. Wewe unaezua paa mwezi wa kumi ukiwa na fedha za mbao tu? Mvua ya Novemba itakukuta na kuta zako uchi. Wekeni akiba, angalau fungu moja katika matano, kwa sababu nyumba kuukuu ina siri ambazo fundi huziona akishabomoa. Na fedha ya ada za watoto na dawa za mama isiguswe. Wala msikimbilie mkopo wa riba. Jina la babu halihalalishi alichoharamisha Allah.

Tano: mkiona hamuwezi, kuuza si dhambi. Wapo wanaodhani kuuza nyumba ya baba ni kumlaani. Hapana. Kumdhulumu binti yake ndiko kunakomuudhi. Mnaweza kuuza mkagawana, au mmoja akawanunua wenzake kwa thamani ya haki, au wote kwa ridhaa wakaifanya waqfu yenye msimamizi na kipato cha kuitunza. Waqfu usio na fedha ya paa ni gofu linalosubiri siku yake. Na mama akiwa hai, mwanzo wa hesabu uwe yeye: alale pakavu, asihamishwe kwa nguvu, wala asifanywe mlinzi wa magofu kwa ajili ya fahari yetu.

Ndugu zangu, kuta za baba zitaanguka siku moja, ziwe za udongo au za saruji. Undugu mtaulizwa. Kama una dada ambaye hajapewa fungu lake, usimpigie fundi leo. Mpigie yeye.

Allah awarehemu wazazi wetu waliotangulia, atujaalie uadilifu katika mirathi, na aunganishe nyoyo zilizotengana kwa sababu ya mali. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.