Hoteli zitunze urithi unaozilisha

MJINI Jinja, chumba kinachotazama Mto Nile huuzwa ghali kuliko chumba kama hicho kinachotazama kituo cha mabasi. Kitanda na chandarua ni vilevile. Kinachoongeza bei ni historia: hapo ndipo mto unapotoka ziwani, mahali ambapo wenyeji walipajua tangu kale, John Hanning Speke akapatangaza Ulaya baada ya kufika mwaka 1862, na sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ikamwagwa mwaka 1948.

Mbale nako mambo ni hayohayo. Kila baada ya miaka miwili, ifikapo Agosti, Wamasaba hufungua msimu wa tohara ya Imbalu katika uwanja wa Mutoto. Wageni humiminika, wakiwemo ndugu zao Wabukusu kutoka Kenya. Vyumba vikiwa adimu, bei hupanda.

Kupandisha bei si kosa. Kosa ni kuuza usichokitunza. Jinja ina majengo yaliyojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi kabla Idi Amin hajawafukuza mwaka 1972, na ambayo watalii hupenda kuyapiga picha. Baadhi yamebomolewa kupisha maduka mapya. Maporomoko ya Bujagali nayo yalimezwa na bwawa la umeme lililozinduliwa mwaka 2012. Umeme ulihitajika, lakini waliokuwa wakila kutokana na maporomoko hayo walijifunza kwamba kivutio kikitoweka hakirudi. Hoteli ikiungua hujengwa upya.

Zanzibar kuna funzo. Katika Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2000, nyumba kadhaa za kale zimegeuzwa hoteli. Mgeni hulipa ili alale ndani ya historia yenyewe, hivyo mwenye nyumba ana sababu ya kukarabati.

Jinja na Mbale zilipewa hadhi ya jiji mwaka 2020. Halmashauri zake ziorodheshe majengo ya kale kabla hayajaisha, na zitenge sehemu ya kodi ya hoteli kwa ajili ya kuyatunza na kuuhudumia uwanja wa Mutoto. Wenye hoteli nao wawalipe ipasavyo wachezaji ngoma na waongoza wageni wanaowaletea wateja.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji si mwenye hoteli peke yake.