Ronaldo alichekwa kitambi, tatizo likiwa shingoni

Februari 14, 2011, jijini São Paulo, Ronaldo de Lima alitundika daluga huku akilia. Mfungaji huyo wa mabao 15 ya Kombe la Dunia alifichua kwamba miaka minne nyuma, akiwa AC Milan, aligundulika kuwa na tatizo la tezi ya thairoidi, ile ya shingoni. Homoni zake zilikuwa chini, na mwili wa namna hiyo huchoma chakula taratibu. Jukwaani, yeye alikuwa 'bonge' tu.

Maradona naye alinenepa kupita kiasi. Machi 2005 alifanyiwa upasuaji wa tumbo Cartagena, Colombia, akapungua kilo nyingi. Ndiyo maana vijiweni ushauri ni mwepesi: mtu kanenepa sana? Akapunguzwe tumbo!

Upasuaji unasaidia, hilo halina ubishi. Ila kocha makini hapangi kikosi kabla ya kumjua mpinzani. Kila mwenye unene uliopitiliza anatakiwa kupimwa damu, thairoidi iangaliwe. Mwenye uso uliojaa duara, michirizi mipana ya zambarau tumboni na mapaja yaliyoishiwa nguvu, aangaliwe na homoni ya kotisoli. Huenda ana ugonjwa wa Cushing, ambao unaweza kusababishwa na uvimbe. Akikatwa tumbo, uvimbe unabaki palepale. Ni sawa na kumtoa beki wakati anayefungisha ni kipa.

Wapo watakaosema homoni ni kisingizio cha walafi. Wana hoja kidogo, kwani wanene wengi hawana ugonjwa huo, na thairoidi peke yake kwa kawaida huongeza kilo chache tu. Hata Ronaldo alidai tiba yake ingehesabiwa dawa haramu michezoni, wakati thairoksini haimo kwenye orodha ya WADA.

Lakini kipimo ni damu kidogo tu. Kukiruka ni hatari, maana thairoidi iliyoshuka sana inaweza kuvuruga moyo na pumzi ya mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi.

Straika akipoteza kasi, klabu humpeleka kwa daktari kabla ya kumpiga bei. Shabiki wa kilo 150 naye anastahili hivyo hivyo: damu kwanza, kisu baadaye. Na kule jukwaani, midomo ipunguzwe.