Kijana akitaka kujitegemea, msimfungie mlango

Kijana amekulia kwenye duka la familia, kisha siku moja anasema anataka kuanza lake. Maneno yanaanza: hana shukrani, kadanganywa, atarudi analia.

Wazazi wenzangu, mtazameni Robbie Williams, mwanamuziki wa Uingereza. Mwaka 1990, akiwa na miaka 16, alijiunga na kundi la Take That. Ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote. Nyimbo nyingi zilitungwa na Gary Barlow, na kijana alitaka naye asikike. Wakati huohuo ulevi na dawa za kulevya vilikuwa vimemwingia, wenzake wakachoshwa na mwenendo wake. Julai 1995 akatoka.

Kujitegemea hakukuwa rahisi. Mkataba wa zamani ulimfunga, akakaa muda bila kutoa wimbo huku akizidi kunywa. Albamu yake ya kwanza, mwaka 1997, ilianza kwa kusuasua hadi ulipotoka wimbo "Angels". Hata hapo hakuwa peke yake, kwani alitunga na Guy Chambers. Agosti 2003 aliimba siku tatu huko Knebworth mbele ya watu wapatao 375,000.

Lakini umaarufu haukumaliza ugomvi. Kwa miaka mingi alimkejeli Gary hadharani. Ilipofika 2010 ndipo walipoimba pamoja wimbo "Shame", na Robbie akarudi kundini kurekodi albamu ya "Progress". Baadaye akaendelea na kazi zake mwenyewe, safari hii bila matusi.

Miaka 15 ni mingi mno kwa ndugu kununiana. Kwa hiyo kijana wako akitaka kuondoka, tenganisha mambo mawili. Kutaka chake si kosa. Kama kuna ulevi, huo ni ugonjwa unaohitaji msaada, wala hautibiwi kwa kumfukuza wala kwa kumzuia. Kaeni mkubaliane, tena kwa maandishi, anaondoka na nini na madeni ni ya nani. Naye kijana akumbuke: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Majirani watachochea, waacheni. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Sikukuu ikifika, mwiteni aje kula. Na akija, asiwepo wa kumwambia, "Si tulikwambia?"